Mwongozo kamili: kukuza picha ya simu hadi fremu ya ukutani bila kuivunja

Wiki haipiti bila mtu kufika mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, simu mkononi. "Nitolee hii kubwa, ya kutundika sebuleni." Nikiitazama, ni skrinshoti ya stetasi ya wifi yake. Kwenye kioo cha simu inang'aa. Ikishatoka kwenye printa, nyusi zimekuwa ngazi na shela limekuwa vigae, na lawama zote ni za printa. "Mbona kamera yenyewe ni megapikseli 64?"

Nimeeleza kwa mdomo mpaka sauti imenikauka, sasa naandika. Tatizo kubwa linaitwa intapolesheni: kubuni pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) ambazo hazikuwapo, kwa kukadiria kutokana na zile za jirani. Kamera huifanya bila kukuuliza, programu huifanya ukiiamuru, na printa huifanya ukiiachia nafasi. Si jambo baya lenyewe. Hatua zilizo hapa chini zinalenga ifanyike mara moja tu, mwishoni kabisa, kwa mkono wako na kwa kiasi unachokijua.

## Andaa hivi kwanza

- Simu au kamera iliyopiga picha, siyo iliyotumiwa picha.
- Waya wa USB au kadi ya kumbukumbu, na flashi moja.
- Kompyuta. RAM ya GB 4 itajikongoja, GB 8 ni nafuu.
- Programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP, ambayo ni ya bure. Mwenye Photoshop atumie hiyo, mantiki ni ile ile.
- Futi ya fundi cherehani.
- Kalkuleta ya simu.
- Kitambaa laini cha pamba.
- Karatasi moja ya picha ya A4.
- Kanga moja yenye jina linalosomeka vizuri. Sitanii, hatua ya 3 haifanyiki bila hiyo.

## Hatua ya 1: Tafuta faili mama

Kabla ya programu yoyote, mtafute aliyepiga picha. Kama ni shemeji aliye Muheza au Lushoto, mpigie simu, mwombe faili lenyewe kutoka kwenye simu yake.

Sababu ni hesabu. Simu nyingi hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, hufika upande mrefu ukiwa na pikseli 1600 hivi. Zidisha 1600 kwa 1200: ni chini ya milioni 2. Zaidi ya pikseli milioni 10 zimebaki njiani, na hakuna programu itakayokwenda kuziokota.

Mwambie aitume kama dokumenti, siyo kama picha. Kitufe cha HD kilichokuja 2023 ni bora kuliko njia ya kawaida, lakini nacho bado hubana faili. Mkikutana, waya wa USB ndio wa kuaminika kuliko vyote.

Onyo: skrinshoti hupiga picha ya kioo, haipigi picha ya picha. Hata kama picha ilikuwa na milioni 12, unaondoka na pikseli za kioo chako tu, pamoja na saa na betri pale juu.

Umefaulu ukiona: faili lina uzito wa MB kadhaa, siyo KB 180.

## Hatua ya 2: Soma pikseli

Fungua picha kwenye simu, gusa sehemu ya maelezo, utaona namba mbili kama 4000 × 3000. Kwenye kompyuta, bofya kulia na uende kwenye sifa za faili. Andika namba hizo kwenye karatasi.

Usizishangilie bado. Namba hizi zinakueleza faili lina pikseli ngapi. Hazikuelezi ngapi zilipigwa na ngapi zilibuniwa.

## Hatua ya 3: Pima kamera yako kwa kanga

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na ndipo wanapoangukia. Kamera yenyewe hubuni pikseli katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni rangi. Kihisi cha kamera hakijui rangi, kinajua mwanga mwingi na mwanga kidogo. Kimegawanyika vijumba vidogo vidogo vya kupokea mwanga, na juu ya kila kijumba huwekwa kichujio cha rangi moja. Katika kila vijumba vinne, viwili hupata kijani, kimoja chekundu na kimoja bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ni ya 1976. Maana yake kila kijumba kinapima rangi moja kati ya tatu, mbili zilizobaki hukadiriwa kwa kuchungulia majirani. Kwa hiyo thuluthi mbili za namba za rangi katika picha yoyote ya kawaida ni makadirio, hata kama kamera imenunuliwa kwa bei ya kiwanja. Hili lisikusumbue, rangi ya shavu haibadiliki ghafla kutoka kijumba hadi kijumba, na makadirio hukaa sawa.

Ya pili ni ile namba kubwa kwenye kasha. Simu nyingi zilizoandikwa megapikseli (yaani pikseli milioni) 48 au 64 zina vijumba vinne vinne vilivyokaa chini ya rangi moja. Kwa kawaida vinne hivyo huunganishwa kuwa pikseli moja: 48 inatoa 12, na 64 inatoa 16. Ukiwasha hali ya megapikseli zote, simu inalazimika kupanga upya rangi kwa kukadiria. Mchana wa jua kali unaweza kupata nyuzi chache zaidi za nguo. Jioni unapata faili zito tu. Na zipo simu ambazo kihisi chake ni kidogo kabisa, picha inavutwa mpaka ifikie namba ya kwenye kasha.

Si ujanja wa leo. Mwaka 2000 kamera ya Fujifilm FinePix S1 Pro ilikuwa na vijumba milioni 3.4 ikatoa picha za 3040 kwa 2016, yaani milioni 6.1. Angalau ile vijumba vyake vilikaa kimshazari, na walikuwa na hoja ya kiufundi.

Ya tatu ni zumu ya kidijitali, na hii ndiyo muuaji mkuu. Simu hukata katikati ya picha na kukivuta kile kipande kijaze fremu. Ukiwa na 4000 kwa 3000, ukivuta mara 2 pikseli za kweli ni 2000 kwa 1500. Mara 4 ni 1000 kwa 750. Mara 10 ni 400 kwa 300, yaani pikseli 120,000. Simama kwenye mwinuko unaotazama bandari, kivute Kisiwa cha Toten mara 10: umebaki na pikseli zinazotosha picha ya kibandiko. Lakini faili linahifadhiwa likiwa 4000 kwa 3000 kama kawaida, ndiyo maana hatua ya 2 peke yake haimkamati mwongo.

Kanga inamkamata. Fanya hivi:

1. Itundike ukutani ikiwa imenyooka, kivulini, mnamo saa nne asubuhi. Jua la moja kwa moja huipa mikunjo vivuli.
2. Rudi hatua 30. Weka simu juu ya kiti, uibane na tofali isitikisike, washa kipima muda cha sekunde 3.
3. Piga kwa hali ya kawaida, kisha tazama jina la kanga kwa kulivuta kwenye kioo. Kama bado linasomeka, rudi nyuma hatua tano, piga tena. Endelea mpaka herufi zianze kukushinda.
4. Hapo hapo, bila kusogeza kiti, piga picha tatu: kawaida, megapikseli zote, na zumu mara 2.
5. Zihamishie kwenye kompyuta. Zifungue kwa pamoja, uzikuze kwenye kioo mpaka jina la kanga liwe na urefu sawa katika zote.

Sasa soma. Kama "Mgeni njoo mwenyeji apone" linasomeka kwenye picha ya megapikseli zote na halisomeki kwenye ya kawaida, namba ya kwenye kasha ina ukweli. Kama herufi zimekuwa kubwa na laini kama zilizoandikwa kwa siagi, na bado huzisomi, hizo ni pikseli za kubuni. Siku niliyopima ya kwangu, majirani wawili walikuja kuuliza kama nimeanza kuuza kanga, na bei gani kwa doti.

Kwa simu yenye lenzi zaidi ya moja, ongeza jaribio la kidole. Chagua zumu mara 2 au 3, kisha ziba kwa kidole ile lenzi ya kuvuta vitu vya mbali. Kioo kikiwa cheusi, lenzi ile inafanya kazi. Kama picha ingali inaonekana, simu imeiacha na inakata kipande cha lenzi kuu. Hufanya hivyo hasa mwanga ukiwa hafifu, ndani ya ukumbi kwa mfano.

Kuna jambo moja la kuwatetea watengenezaji. Zipo simu zinazopiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha. Mkono wako unapotetemeka kidogo, kila picha inakaa sehemu tofauti ya pikseli, kwa hiyo inaleta habari mpya ya kweli. Google waliiweka mbinu hiyo kwenye simu yao ya Pixel 3 ya 2018. Kwa simu ya namna hiyo zumu mara 2 inaweza kushinda kipande utakachokata mwenyewe. Ukitaka kuipima hiyo, ishike simu mkononi badala ya kuibana na tofali.

Umefaulu ukijua: hali ipi ya simu yako inakupa herufi nyingi zaidi, na kuanzia zumu ipi inaanza kubuni.

## Hatua ya 4: Piga upya, kama bado inawezekana

Mtu yupo hai, nyumba ipo, jahazi bado liko pale ufukweni Deep Sea? Basi usihangaike na kukuza. Rudi ukapige.

Kwanza futa lenzi. Hewa ya bahari huacha utando wa chumvi, na simu iliyokaa mfuko mmoja na mihogo ya kukaanga ina mafuta usiyoyaona. Hakuna programu inayotoa faida kama kile kitambaa cha pamba. Kisha sogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole. Tumia hali iliyoshinda mtihani wa kanga. Piga tano, chagua moja.

Kama harusi imekwisha au mhusika ametangulia mbele ya haki, endelea na hatua ya 5 ukiwa na ulichonacho.

## Hatua ya 5: Amua ukubwa na umbali

Mteja husema "kubwa". Mimi namuuliza maswali mawili: kubwa inchi ngapi, na mtu atasimama wapi akiitazama?

Jicho zima hutenganisha vitu viwili vikiwa mbali kwa takriban sehemu 1 ya 60 ya nyuzi moja ya pembe. Ukigeuza hilo kuwa pikseli, kanuni inakuwa rahisi: gawa 87 kwa umbali wa mita. Jibu ni pikseli kwa inchi ambazo jicho linaweza kuzitofautisha. Albamu inayoshikwa sentimita 30 kutoka usoni inataka 290, ndiyo maana kila mtu anaimba 300. Nusu mita ni 174. Mita 2 ni 44 tu.

Usishuke mpaka 44 kwa picha ya sebuleni, maana hakuna mgeni anayekaa mita 2 kutoka kwenye picha ya bibi harusi. Atasimama, ataisogelea, atahesabu bangili. Viwango vyangu ni hivi: 300 kwa albamu na A4, 200 kwa fremu ya sebuleni, 150 kama faili ni dhaifu na fremu itakaa juu, 72 hadi 100 kwa bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Bibi harusi amesimama, fremu ni inchi 20 kwa 30, kiwango 200. Tunahitaji 4000 kwa 6000.

Faili mama ni 3000 kwa 4000. Fremu ni uwiano wa 2 kwa 3, kwa hiyo tukikata pembeni tunabaki na 2667 kwa 4000. Kutoka 4000 hadi 6000 ni mara 1.5. Zidisha 1.5 kwa 1.5 upate 2.25: katika kila pikseli 9 za picha kubwa, 4 zilipigwa na 5 zimebuniwa. Linavumilika.

Sasa chukua ile ya WhatsApp, upande mrefu 1600. Kufika 6000 ni mara 3.75. Zidisha yenyewe kwa yenyewe, ni 14. Katika kila pikseli 14, moja ndiyo ya bibi harusi, 13 ni za kompyuta.

Onyo: kwa njia ya kawaida, mimi huishia mara 2 kwa uso wa mtu. Mawingu, bahari na ukuta vinaweza kufika mara 3. Ukizidi hapo, punguza fremu. A4 iliyo kali hushinda bango lenye ukungu, na fremu yenye pasipatu pana (ile kadi inayozunguka picha ndani ya fremu) hufanya hata picha ndogo ionekane ya heshima.

## Hatua ya 6: Kata na usafishe kabla ya kukuza

Kata kwanza kwa uwiano wa fremu. Pikseli zitakazotupwa hazina haja ya kukuzwa.

Kisha toa chenga. Picha ya usiku huwa na vidoa vya rangi kama runinga ya zamani isiyo na antena, na faili la JPEG lililobanwa sana huwa na miraba ya pikseli 8 kwa 8. Programu haijui kuwa hayo ni uchafu. Ukiyakuza, itayakadiria kwa uangalifu ule ule inaokadiria macho, na doa la pikseli moja litakuwa kovu.

Kwenye GIMP ingia "Filters", "Enhance", "Noise Reduction". Anza na 1, usipite 3. Tazama ngozi ya paji la uso kwa ukubwa wa 100%. Vinyweleo vikipotea na uso ukawa kama mwanasesere wa plastiki, umezidisha, rudisha.

## Hatua ya 7: Kuza, mara moja

Kabla ya kubofya, elewa unachochagua, maana kuna njia zaidi ya moja na kila moja ina kasoro yake.

Chukua mstari mmoja wa pikseli mahali mlingoti wa jahazi unapokutana na anga. Nyeusi kabisa ni 0, nyeupe kabisa ni 255. Anga ni 200, mlingoti ni 40:

200 – 200 – 40 – 40

Tunataka kuchomeka pikseli mpya kati ya kila mbili.

Njia ya kunakili jirani. Pikseli mpya inachukua namba ya aliye karibu, 200 au 40. Ukingo unabaki mkali, lakini mstari wa mshazari unakuwa ngazi. Hii ndiyo inayoleta vigae. Kwenye GIMP imeandikwa "None".

Njia ya wastani, "Linear". Kati ya 200 na 40 inaweka 120. Ngazi zinaondoka, lakini sasa kuna kijivu kisichokuwapo, si anga wala si mlingoti. Huo ndio ukungu.

Njia ya mkunjo, "Cubic". Hii haitazami majirani wawili tu, inatazama wanne katika mstari, yaani 16 ukihesabu pande zote. Namna mojawapo ya hesabu yake ni hii: wa ndani wawili unawazidisha kwa 9, wa nje wawili unawatoa, kisha unagawa kwa 16. Jaribu mahali anga inakaribia mlingoti: 200, 200, 200, 40. Zile mbili za ndani zinatoa 1800 na 1800, ukitoa 200 na 40 unabaki na 3360. Gawa kwa 16: ni 210. Anga ilikuwa 200! Upande wa pili, 200, 40, 40, 40, jibu ni 30, cheusi kuliko mlingoti wenyewe.

Hiyo ndiyo siri ya picha zilizokuzwa kuonekana kali. Upande mweupe umeng'arishwa, upande mweusi umekolezwa, jicho linadhani limeona ukingo. Na ndiyo asili ya lile pindo la mwanga linalozunguka kichwa cha mtu kama taa, hesabu hii ikizidishwa. Mara ya kwanza kuifanya hesabu hii kwa peni nilielewa kitu ambacho miaka minne ya kubofya haikunifundisha.

Sasa kazi yenyewe:

1. Fungua "Image", kisha "Scale Image".
2. Hakikisha alama ya mnyororo imefungwa, la sivyo bibi harusi atanenepa.
3. Andika 4000 kwenye upana. Urefu utajijaza 6000 hivi.
4. Kwenye rezolusheni andika 200. Namba hii haibadilishi pikseli hata moja, inaiambia printa tu izipange 200 katika kila inchi.
5. Chagua "Cubic". Bofya.
6. Tazama ukingo wa shela kwa 100%. Ukiona pindo la mwanga, tengua, rudia kwa "NoHalo", linganisha.

Mwenye Photoshop aingie "Image Size" na achague "Preserve Details 2.0".

Onyo: usikuze leo kidogo na kesho kidogo. Kila duru inakadiria juu ya makadirio ya jana, na kila ukihifadhi JPEG unabana upya. Ukikosea kipimo, rudi kwenye faili lililosafishwa, anza tena.

Umefaulu ukiona: kwa 100% picha ni laini kidogo, haina ngazi wala pindo. Ulaini kwa sasa ni sawa.

## Hatua ya 8: Akili mnemba, kwa tahadhari

Utauliza, mbona kuna programu zinazofanya picha mbovu iwe kama ya studio? Zipo. Upscayl ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yako, ila inahitaji kadi ya grafiki inayojiweza. Photoshop wana "Super Resolution" tangu 2021, inayozidisha kila upande mara 2.

Kanuni yake ni nyingine. Njia za hatua ya 7 zinauliza majirani. Akili mnemba inauliza mamilioni ya picha za watu wengine iliyofundishwa nazo: kwa kawaida jicho huwa vipi? Kisha inachora. Mwaka 2020 programu iliyoitwa PULSE ilipewa uso wa Barack Obama uliopunguzwa pikseli, ikarudisha Mzungu. Ilichora sura ambayo kwake ilikuwa ya kawaida.

Yamenikuta. Bi mkubwa mmoja wa Mnyanjani aliniletea pasipoti saizi ya marehemu mumewe, ndogo na imefifia. Niliipitisha kwenye programu ya namna hii, ikatoka mzee mtanashati, ngozi safi, kola imenyooka. Nikamkabidhi nikitarajia dua. Aliishika mbali, akaisogeza, akaikalia kimya. "Mwanangu, huyu ni mzuri. Lakini mwanya wake mmeupeleka wapi?" Niliirudisha pasipoti chini ya taa: mwanya ulikuwapo, upana wa pikseli mbili. Programu iliuona kama uchafu ikauziba. Nilimtolea nyingine kwa njia ya kawaida, A4, yenye ukungu wake na mwanya wake. Ile aliikumbatia.

Kwa hiyo masharti yangu ni manne. Majengo, mandhari na bidhaa: tumia. Uso wa mtu: tumia kama ndugu anayemfahamu ameketi pembeni, na linganisha mwanya, fuko, chale na mstari wa nywele na picha ya asili. Maandishi ya kanga, piko na hina: usitumie, maana herufi hugeuka kuwa mchoro usio lugha yoyote, na maua ya hina yanakuwa utando wa buibui. Picha ya kitambulisho, hati au ushahidi: hata usifikirie.

## Hatua ya 9: Noa

Kunoa kunakuja baada ya kukuza, kamwe si kabla. Ukinoa kwanza, utakuza mapindo.

"Filters", "Enhance", "Sharpen (Unsharp Mask)". Kwa faili la 4000 kwa 6000 anza na "Radius" 2 na "Amount" 0.5. Karatasi hunywa wino na kulainisha kingo, kwa hiyo kwenye kioo picha ionekane kali zaidi kidogo kuliko unavyopenda. Kope zikianza kuonekana kama waya, shusha.

## Hatua ya 10: Chapa kipande kabla ya kuchapa yote

Kata kipande cha pikseli 1654 kwa 2339 chenye jicho, ukingo wa shela na sehemu ya mkono wenye piko. Kwa kiwango cha 200, hiyo ni A4 kamili. Kichape kwa ukubwa wa 100%, ukizima ile tiki ya kujaza ukurasa. Ukiiacha tiki, umepoteza karatasi, maana printa itakadiria upya na jaribio halina maana.

Bandika kipande ukutani pale fremu itakapokaa, kwa taa ya usiku ya pale pale. Rudi mita 2, kisha sogea nusu mita. Ukiwa mita 2 unapaswa kuona mtu. Ukiwa nusu mita unaruhusiwa kuona ulaini, huruhusiwi kuona ngazi, pindo wala chenga. Ukiona ngazi, kosa ni hatua ya 7. Pindo likiwapo, kwanza shusha kunoa. Chenga zinakurudisha hatua ya 6.

## Hatua ya 11: Kabidhi

Hifadhi nakala ya kazi kwa muundo wa GIMP, kisha toa TIFF (muundo usiopoteza ubora), au JPEG ya ubora 95. Liandike jina la faili likiwa na kipimo ndani yake: `harusi_20x30in_200.tif`. Lipeleke kwa flashi. Nimeshaletewa faili lililofanyiwa hatua zote hizi vizuri sana, limetumwa kwa WhatsApp kama picha.

Mwambie mchapaji maneno mawili: "Usikuze tena." Ukienda kuchukua, nenda na futi ya fundi cherehani. Picha iwe sentimita 50.8 kwa 76.2. Ikipungua au kuzidi kwa sentimita nzima, basi kuna mtu amebofya kitufe cha kujaza ukurasa, na una haki ya kuomba ichapwe upya kabla hujatoa hela.